Shajara ya Mradi: Pikapu za Gitaa za Laki Sita, Mkononi na Kwenye Rekodi

Jumapili usiku: mzigo niliotupiwa

Bendi yetu ina magitaa mawili ya umeme: umbo la Stratocaster ya Fender, kiwanda kimoja, rangi moja, na pikapu (vile vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) zile zile yalizokuja nazo. Shemeji yake mpiga besi, anayeishi Uingereza, amekuja likizo na seti ya pikapu tatu zilizosukwa kwa mkono kwenye karakana ndogo ya huko. Bei inavuka pauni 200, yaani zaidi ya laki sita za kwetu. Masharti yake ni ya kiungwana: tuzijaribu, zikitufaa tulipe kidogo kidogo korosho zikianza kuuzwa, zisipotufaa azifungashe arudi nazo.

Kikao cha bendi kiligawanyika hata boksi halijafunguliwa. Mzee wetu wa solo anashikilia kwamba pikapu nzuri hujulikana kwa vidole. Mpiga kinanda, ambaye ndiye mtunza hela na ndiye anayeturekodi, anashikilia kwamba anayetulipa hana kidole hata kimoja kwenye gitaa letu, kwa hiyo kama tofauti haisikiki kwenye rekodi, haipo. Mimi napiga ridhimu, na mchana nashinda ofisini bandarini nikijaza majedwali. Kwa sifa hiyo ya majedwali nikakabidhiwa kazi: nipime, niandike, nilete jibu kabla ya Oktoba. Mnada wa kwanza wa korosho ukishapita, Mtwara nzima inaoa, na hapo hakuna tena muda wa kufungua magitaa.

Jumatatu: ndani ya boksi

Nimezigeuza zote mbili juu ya meza, ya bei na ya kiwandani, nikazitazama tumboni.

Ya bei ina vijiti sita vya sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Waya wa shaba umezungushwa moja kwa moja kuvizunguka, kisha koili nzima ikazamishwa kwenye nta ili waya usitikisike ndani na kupiga miluzi sauti ikipanda. Chini ya bati la chumba chetu cha mazoezi, hapa Shangani, joto la mchana linatosha kuifanya inukie nta. Waya wenyewe ni wa namba 42, unene wa milimita 0.063 hivi, na koili ya aina hii hubeba mizunguko karibu elfu nane. Hapo ndipo hela inapokwenda: kwenye saa za mtu aliyekaa akiuongoza uzi huo usikatike.

Ya kiwandani ina vijiti vya chuma cha kawaida, na chini yake kimegundishwa kipande kimoja cha sumaku ya kauri, nyeusi, inayofanana na zile za nyuma ya spika za redio. Mashine imezungusha waya, mtu amebandika sumaku, kazi imeisha.

Kanuni ni moja kwa zote, ile aliyoionyesha Faraday mwaka 1831: uga wa sumaku ukibadilika karibu na koili, umeme unazaliwa ndani ya koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya pikapu, unautikisa uga. Ndiyo maana pikapu haisikii mbao wala haisikii mtu akiimba mbele yake. Inasikia chuma kinachotembea, basi. Kwa bahati mbaya inasikia pia nyaya za umeme za ukutani, na ule mvumo wa hezi 50 tunaugombeza kila mazoezi. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliutafutia dawa mwaka 1955 kwa kuoanisha koili mbili zinazouua. Zetu ni za koili moja moja, kama Fender alivyozitoa kwenye Stratocaster mwaka 1954, na mvumo unakuja kwa bei yoyote utakayolipa. Mpiga kinanda amefurahi sana kusikia hilo.

Jumanne na Jumatano: mita

Watu wengi huuliza pikapu ina kiloomu ngapi, yaani ukinzani wa waya wake, wakiamini namba kubwa ni nguvu kubwa. Nimepima asubuhi, nyuzi joto 24: ya bei 6.0, ya kiwandani 6.1. Nimerudia mchana bati likiwaka, nyuzi joto 33: ya bei imesoma 6.2. Haijaongezewa waya wowote. Shaba ukiipasha, ukinzani wake hupanda kwa asilimia 0.39 kwa kila nyuzi, kwa hiyo tofauti ya asubuhi na mchana ya Shangani ni kubwa kuliko tofauti kati ya pikapu ya laki sita na ya bure. Kipimo hiki nimekifunga.

Kipimo chenye maneno ni cha henri, yaani jinsi koili inavyopinga badiliko la mkondo wa umeme. Mwalimu mmoja wa umeme pale chuo cha ufundi cha VETA alitupa ruhusa ya kutumia mita yake baada ya vipindi. Ya bei: henri 2.3. Ya kiwandani: karibu 4. Vile vijiti vya chuma ndani ya koili ndivyo vinavyopandisha namba.

Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu mradi wote utasimama juu yake. Koili na waya unaotoka kwenye gitaa kwenda kwenye amplifaya hushirikiana kutengeneza kilima: sauti za kimo fulani huinuliwa, na zilizo juu ya hapo huporomoka. Waya wa gitaa una pikofaradi (kipimo cha chaji unayoweza kuibeba) kama 100 kwa kila mita. Wetu ni wa mita 6, ongeza na 100 za koili yenyewe, tunapata 700. Ukigawa kama vitabu vinavyosema, kilima cha pikapu ya bei kinakaa karibu na hezi 4,000, cha kiwandani karibu na 3,000. Sikio la binadamu ni jepesi kuliko mahali pengine popote kati ya hezi 2,000 na 5,000. Kwa hiyo tofauti ipo, na imekaa mahali ambapo mtu hawezi kusema hakuisikia.

Sasa jambo lililonikosesha usingizi. Nikaipa ya kiwandani waya wa mita 3 badala ya 6, kwenye karatasi tu: pikofaradi 400. Kilima kinapanda hadi karibu na hezi 4,000. Yaani kwa hesabu, nusu ya waya inanunua kitu kile kile kinachouzwa laki sita.

Mpwa wangu, anayesoma diploma ya umeme na ndiye msaidizi wa mradi, alikagua hesabu mara ya pili kisha akasema, "Mjomba, usimwambie mzee bado." Sikumwambia.

Ijumaa: mpango

Uzuri wa Stratocaster ni kwamba pikapu, swichi na volyumu zote zimefungwa kwenye kava moja la plastiki la mbele. Ukitoa skrubu 11 na kuachia nyaya tatu, roho yote ya umeme ya gitaa inatoka mkononi. Nimenunua kava tupu, nimefunga seti ya bei juu yake na volyumu za kiloomu 250 kama zilizopo kwenye lingine, na badala ya kulehemu nyaya nimeweka vishikizo vya kuchomeka. Sasa naweza kuhamisha seti kutoka gitaa moja kwenda jingine.

Nyuzi mpya pande zote mbili, seti ya kumi (uzi mwembamba kabisa ni wa inchi 0.010), duka moja. Hili si la kupuuza kwetu. Upepo wa bahari ukishaingia dirishani nyuzi hazizeeki, zinaoza, na uzi wenye kutu unakula zile zile hezi za juu tunazozibishania. Amplifaya yetu ni ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, nayo huwa laini umeme ukishuka jioni, kwa hiyo imepitishwa kwenye stabilaiza. Umbali wa pikapu na nyuzi nimepima nikiwa nimebana uzi kwenye freti (kile chuma cha kukingama shingoni) ya mwisho: milimita 2 upande wa uzi mnene, 1.6 upande wa mwembamba. Ukisogeza alniko karibu zaidi ya hapo sumaku huanza kuvuta uzi, na ukipanda juu shingoni uzi mnene unatoa sauti mbili zinazogombana. Mpiga solo wa dansi anaishi huko juu, kwa hiyo nimepima mara mbili.

Jumamosi: mzee na kanga

Mzee alikuja na mkongojo wake na hasira ndogo, maana alijua tunamjaribu yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo kanga ya nini?"

Ilikuwa ya kumfunga macho. Alikubali baada ya mpwa wangu kumwambia, kwa adabu zote, kwamba hata mimi nitafungwa. Mpwa wangu alirusha sarafu ya shilingi 200 nyuma ya mlango kuamua gitaa lipi liingie, akalileta, akaliweka mapajani mwa mzee bila kusema neno.

Mzee alitofautisha kila mara. Hata hakupiga sana. Mara nyingine alisema kabla sauti haijatoka. "Hili ndilo. Hili linapumua." Na lililopumua lilikuwa lenye pikapu za bei. Mpiga besi akaanza kupiga makofi, na mimi nusura nifunge daftari.

Mpwa wangu akaomba tuhamishe makava: seti ya bei iende gitaa la pili, ya kiwandani iende la kwanza. Chai ikanywewa, skrubu zikatolewa, tukarudia.

Gitaa lililopumua likabaki lile lile. Sasa lilikuwa na pikapu za kiwandani.

Mzee alivua kanga akalitazama muda mrefu. Kisha akapitisha kidole gumba nyuma ya shingo, karibu na freti ya tano, akasema pana mahali palipolika. Kweli, lile gitaa ndilo alilopiga miaka yote. Rangi imetoka na mbao imelainika kwa jasho lake. Alikuwa anaitambua nyumba yake. Hapo mpiga kinanda alisema ushahidi umefungwa. Nilimwambia ushahidi ndiyo kwanza unafunguliwa, maana tumejua kitu kimoja tu: ukijaribu pikapu kwa kubadilisha magitaa, unajaribu shingo. Na ndivyo karibu kila mtu anavyozijaribu, dukani au kwa rafiki, halafu anarudi nyumbani na hadithi ya sumaku.

Jumamosi iliyofuata: gitaa moja

Safari hii gitaa ni moja, la mzee mwenyewe, na kinachobadilika ni kava tu. Kazi ni ya kuchosha: kapo, yaani kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza nyuzi zisiruke, legeza, toa skrubu (tulibakiza nne ili tusizeeke), chomoa, chomeka, kaza, tuni. Mzee anakaa nje ya mlango akiongea na wavuvi.

Kabla ya kuanza tuliwekeana sheria, asije mtu akabishana na matokeo baadaye. Raundi 10. Anayebahatisha tu ana nafasi kama 1 kati ya 100 ya kupata 9 au zaidi, lakini ya kupata 8 au zaidi inapita 5 kati ya 100, na hiyo kwa laki sita hatuitaki. Kwa hiyo 9, au tunarudisha mzigo.

Alipata 9.

Alichokisema ndicho nilichokiandika kwa makini kuliko alama. Hakusema "tamu" wala "ya zamani", maneno ya kwenye matangazo. Alisema ya kiwandani "inakufuata mbio": ukigusa kidogo tu imeshafika juu, ukitaka kuongeza hakuna pa kwenda. Ya bei "inakungoja". Nilipopima kwenye kompyuta, ya kiwandani ilikuwa na nguvu zaidi kwa karibu desibeli 3 kwa umbali ule ule wa nyuzi. Yaani valvu zilikuwa zinaanza kukwaruza mapema. Alichokuwa anakisikia kwa vidole ni nafasi iliyobaki kati ya mguso mwepesi na ukingo wa amplifaya, na alikipata bila mita.

Nikashusha ya kiwandani kwa skrubu mpaka desibeli zilingane. Tukarudia siku nyingine. Bado alitofautisha, ila sasa kwa kusitasita, na maelezo yakahamia kwenye ncha ya sauti: "hii imevaa soksi". Huo ni ule umbali wa hezi 3,000 na 4,000. Tukaichomeka kwa waya wa mita 3, kimya kimya. Akaanza kukosa.

Jumanne: masikio ya watu

Upande wa mpiga kinanda. Tumerekodi mzee akipiga kipande kile kile kwa kila seti, waya wa mita 6 kote, maikrofoni moja mbele ya spika isiyoguswa.

Mara ya kwanza mpiga kinanda alitaka tupeleke rekodi kama zilivyo. Tulimsikiliza. Tukapita na hedifoni kwa majirani, kwa mama lishe wa kona, kwa vijana wa bodaboda, kwa mshereheshaji wa harusi tunayefanya naye kazi. Wengi walichagua ya kiwandani. Walichagua yenye kelele zaidi, maana desibeli moja tu ya ziada hutosha kumfanya mtu aseme "hii ndiyo nzuri" na atoe sababu kumi zisizohusiana na kelele. Tulipolinganisha nguvu, chaguo likagawanyika ovyo. Mama lishe alisema zote ni gitaa, akarudi kwenye chapati zake. Mpiga kinanda mwenyewe aliweza kutofautisha gitaa likiwa peke yake. Tulipoongeza ngoma, besi na kinanda chake, akaanza kubahatisha, na alikiri, kwa kupendezwa mno nadhani.

Hapo mradi ungeweza kuishia na jibu lake. Kilichonisumbua ni hezi. Pikapu mbili zenye vilima mbali kwa hezi 1,000, spika moja, waya mmoja. Rekodi ilipaswa kuonyesha pengo kubwa kuliko lile tulilolisikia. Pengo lilikwenda wapi?

Alhamisi na Ijumaa: mkono wa mpingo

Nilikwenda Mikindani kwa mchongaji ninayemfahamu, nikamwomba mkono usio na akili. Alinitengenezea wa mpingo kutoka kwenye kipande kilichobaki cha kinyago: ufito mfupi unaoning'inia kwenye msumari, na ncha yake imebana piki. Unauinua mpaka kwenye alama, unauachia, unakwangua uzi, unapita. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo mkono ule haupeperuki na unapiga kwa nguvu ile ile kila mara. (Mti wenyewe huo ndio unaopelekwa Ulaya kutengenezewa klarineti na obo. Wa kwangu umeishia kukwangua uzi wa tatu, sijui kama mchongaji amenisamehe.)

Mkono wa mpingo ulipopiga, pengo lilikuwapo lote. Kwenye grafu ya kompyuta ya bei ilisimama juu kwenye ncha, ya kiwandani ikaporomoka mapema, kama hesabu ilivyosema. Hata mpiga besi, ambaye masikio yake yameishi mbele ya matoazi, alitofautisha bila taabu.

Mzee alipopiga, pengo likapungua zaidi ya nusu. Pikapu zile zile, gitaa lile lile, siku ile ile.

Mpwa wangu ndiye aliyelifumbua, kwa simu. Alikuwa amemrekodi video mzee tangu ile Jumamosi ya pili, akitaka kitu cha kuwaonyesha wenzake chuoni. Tukaweka picha mbili sambamba. Kwenye pikapu ya bei mkono wa mzee unacheza juu ya pikapu ya katikati, umelegea, kiganja hakigusi kitu. Kwenye ya kiwandani umesogea nyuma hadi karibu kabisa na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, na kidole kidogo kimejikita kwenye kava kama nanga. Uzi ukipigwa karibu na daraja hutoa sauti kali zaidi. Mzee alikuwa anarudisha kwa mkono zile hezi ambazo pikapu ilikuwa inazila, na alikuwa anagusa taratibu zaidi ili asifike kwenye ukingo wa valvu. Hakujua anafanya hivyo. Tulipomwonyesha alisema video imekosea.

Kwa hiyo rekodi tuliyozungusha mitaani haikuwa rekodi ya pikapu mbili. Ilikuwa ya mtu mmoja mwenye sauti moja kichwani, anayehama hama mpaka aipate. Mpiga mzuri ndiye kipimo kibovu kuliko vyote kwa anayetaka kusikia tofauti ya vifaa, kwa sababu kazi yake ya maisha ni kuifuta. Na kidole kinachosema "hii inanichosha" kinasema kweli: kinahesabu kazi ambayo mkono umeifanya na ambayo rekodi imeshaificha.

Nimemwandikia mpiga kinanda hivi hivi. Amejibu kwa emoji ya mtu anayefikiri.

Jumatatu: waya na bibi harusi

Ilibaki hoja ya mita 3, ambayo sasa mzee anaijua na haipendi.

Kama waya mfupi unainua kilima, kwa nini tusikate waya tuokoe laki sita? Kwa sababu ya kutunzwa. Ikifika saa ya solo mzee hushuka jukwaani, anakwenda mpaka mbele ya meza ya maharusi, na shangazi wa bwana harusi wanakuja na noti zao wakimbandika kwenye paji la uso. Mita 3 zinamwacha pembeni mwa amplifaya anatazama noti kwa mbali. Huwezi kumwekea mpiga dansi kamba ya mbuzi.

Kuna njia ya kati, na tuliifanya kwa mikono yetu. Fundi redio mmoja sokoni alikuwa na transista za JFET. Mpwa wangu akalehemu moja na vipinga vichache, kapasita mbili na betri ya volti 9, tukaificha ndani ya tundu la gitaa. Kazi yake ni kusimama kati ya pikapu na waya ili pikapu isiuone urefu wa waya. Gharama yote haikufika elfu ishirini, betri ikiwemo. Kwa mita 6 ya kiwandani ikang'aa mpaka ikabidi tuongeze kapasita ndogo kuirudisha chini kidogo ifanane na ya bei.

Tukamfunga mzee kanga tena, nguvu zimelinganishwa, kilima kimelinganishwa. Mara nyingi alibahatisha. Pale tu alipoombwa apige kwa nguvu zote, kisha kwa ncha ya kucha, ndipo alirudi kutofautisha. Naelekeza kidole kwenye vile vijiti vya chuma. Chuma cha kawaida ndani ya koili huruhusu vimikondo vya umeme vizunguke ndani yake, navyo hukilaza kilima, kinakuwa cha mviringo hata ukikisogeza mahali sahihi. Hilo halirekebishiki kwa transista. Ni jambo dogo. Laki sita nzima haimo humo. Sehemu kubwa ilikuwa kwenye skrubu za kimo na urefu wa waya.

Jumatano: kikao

Nimesoma ripoti kwa sauti, bila grafu, maana mara ya mwisho nilipoleta grafu kikaoni watu walitoka kuvuta sigara.

Pendekezo langu lilikuwa hili. Gitaa la ridhimu, yaani langu, libaki na pikapu za kiwandani, zishushwe, ziwekewe kifaa cha mpwa wangu. Nyuma ya ngoma na besi hakuna atakayejua, na mimi mwenyewe mkono wangu si wa kuhisi tofauti hiyo. Gitaa la solo ndilo lenye mjadala. Harusi zetu zinaanza saa tatu usiku na kuisha alfajiri, na mpigaji ambaye mkono wake hauhangaiki kutafuta sauti anafika saa kumi akiwa bado na kitu cha kusema. Hilo halitaonekana kwenye rekodi ya dakika nne. Mpiga kinanda akauliza, kwa haki, kwa nini bendi ilipie raha ya mkono wa mtu mmoja ilhali kifaa cha elfu ishirini kinamfikisha karibu.

Mzee ndiye aliyejibu. Akasema kama wasikilizaji hawaisikii na yeye anaihisi, basi wa kuilipia ni yeye. Nusu ikatwe kwenye posho yake msimu ukianza, nusu bendi imsaidie kwa sababu ya zile saa za alfajiri. "Lakini zile video mzifute." Mpiga kinanda akakubali nusu. Video mpwa wangu hajafuta, anazihitaji kwa kazi ya chuo, na tumepatana asizioneshe Mtwara.

Shemeji ameshatumiwa ujumbe, amekubali kulipwa kwa awamu. Kava la bei limefungwa kwa skrubu zote 11 kwenye gitaa lenye shingo iliyolika, na safari hii nyaya zimelehemiwa. Yaliyobaki: pikapu ya nyuma, karibu na daraja, bado iko juu nusu milimita upande wa uzi mwembamba, karatasi ya shaba ya kupunguza kelele za umeme imefika lakini haijabandikwa, na ule mkono wa mpingo mpiga besi ameuomba ajaribie nyuzi zake za besi, nimemwambia asubiri nimalize na magitaa.